Alexander Kielland: mwandishi ambaye jina lake lilipinduka baharini

Katika kipindi chetu kuhusu mafuta na gesi ya baharini tulitaja ajali ya jukwaa lililoitwa Alexander L. Kielland, lililopinduka katika Bahari ya Kaskazini jioni ya tarehe 27 Machi 1980 na kuua watu 123. Hewani dakika ni chache, na hatukupata nafasi ya kueleza kwamba Kielland alikuwa mtu. Alikuwa mwandishi wa Norwei, baadaye meya wa mji, na alikuwa amefariki miaka 74 kabla ya ajali hiyo. Hapa tunasimulia maisha yake na namna jina lake lilivyofika baharini. Tuna sababu ya kuyaweka mawili hayo pamoja. Kielland aliandika sana kuhusu matajiri wanaofanya biashara, na watu wadogo wanaolipia hasara. Wale waliokufa kwenye jukwaa lenye jina lake walikuwa watu wa aina hiyo hiyo aliyowaandikia.

Alexander Lange Kielland alizaliwa tarehe 18 Februari 1849 mjini Stavanger, kusini-magharibi mwa Norwei. Ni mji wa bandari unaotazama Bahari ya Kaskazini, ile bahari iliyo kati ya Norwei, Denmark, Ujerumani, Uholanzi na Uingereza. Msikilizaji wetu aliyezoea jua kuchomoza saa kumi na mbili mwaka mzima inabidi ajaribu kuwaza jambo hili: mwezi wa Desemba, Stavanger jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na kufikia saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Muda mwingi uliobaki ni giza, mvua na upepo. Watu wa mji huo waliishi kwa kuvua heringi, samaki waliokuja pwani kwa makundi makubwa, na kwa meli za tanga zilizobeba mizigo hadi nchi za mbali. Katika mji wa namna hiyo mjane wa baharia hakuwa kitu cha ajabu.

Ukoo wa Kielland ulikuwa upande wa wenye meli. Mmoja wa mababu zake, Gabriel Schanche Kielland, alikuwa kati ya wafanyabiashara wakubwa wa Stavanger na mmiliki wa meli nyingi. Kwa hiyo Alexander alikua katika nyumba yenye kila kitu. Dada yake Kitty alikuwa mchoraji, na michoro yake ya mashamba na mabwawa ya nyumbani kwao inatazamwa hadi leo. Alexander mwenyewe alipelekwa kusoma sheria katika mji mkuu, uliokuwa ukiitwa Christiania na sasa ni Oslo. Alimaliza mwaka 1871, akarudi nyumbani, mwaka uliofuata akaoa, na akanunua kiwanda cha matofali karibu na Stavanger.

Karibu miaka tisa alikuwa bwana matofali. Mchana alisimamia udongo, tanuru na vibarua, usiku alisoma. Alisoma Darwin, alisoma John Stuart Mill wa Uingereza, alisoma waandishi wa Denmark na Ujerumani waliokuwa wakiuliza kwa nini dunia imepangwa hivi ilivyopangwa. Kwa maoni yetu miaka ile ya matofali ndiyo iliyomfanya mwandishi. Mtoto wa tajiri anaweza kuishi maisha yake yote bila kuujua mshahara wa kibarua ni kiasi gani. Mwenye kiwanda anaujua, maana ndiye anayeulipa.

Mwaka 1878 aliondoka peke yake kwenda Paris. Huko alikutana na Bjørnstjerne Bjørnson, aliyekuwa tayari mwandishi mashuhuri wa Norwei, na Bjørnson akamsaidia kupata mchapishaji. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi kilitoka Copenhagen mwaka 1879, wakati yeye ana miaka 30. Baada ya hapo vitabu vilifuatana kama mtu aliyekuwa amebana pumzi kwa muda mrefu. Mwaka 1880 ilitoka riwaya yake Garman & Worse, kuhusu familia ya wafanyabiashara inayoishi kwa bahari: ina meli, ina mahali pa kuundia meli, na ina watu wengi wanaoitegemea kwa mkate. Mwishoni mwa riwaya hiyo mazishi ya tajiri na mazishi ya msichana maskini yanawekwa sambamba, na msomaji anaachwa aone mwenyewe nani anasindikizwa na mji mzima na nani anapita kimya.

Mwaka 1882 alitoa Skipper Worse, hadithi ya nahodha mzee anayerudi kutoka Rio de Janeiro, shujaa wa bahari anayeshindwa na maisha ya nchi kavu. Katika simulizi nyingine, ya msimu wa Krismasi, msichana fukara anaangamia huku chama cha mabibi matajiri cha kuwasaidia wasichana wa namna yake kikiendelea na vikao. Katika nyingine tena mtoto mdogo wa shule anakufa kwa homa, kichwa chake kimejaa maneno ya Kilatini aliyokaririshwa. Aliandika kwa ucheshi, kwa lugha nyepesi, bila hasira ya wazi, na labda ndiyo maana iliwauma zaidi aliowaandika.

Uchungu huo ulijitokeza mwaka 1885. Wakati ule Bunge la Norwei lilikuwa likiwapa waandishi wakubwa posho ya kila mwaka ili waweze kuandika bila kuhangaikia chakula. Bjørnson na mwandishi mwingine, Jonas Lie, waliomba Kielland naye apewe. Bunge likakataa, kwa hoja kwamba vitabu vyake vilikwenda kinyume na dini na maadili ya watu. Ombi lilirudishwa, likakataliwa tena. Mjadala ulikuwa mkali kiasi kwamba ulichangia kukipasua chama tawala cha wakati huo, na Bjørnson akaikataa posho yake mwenyewe kupinga uamuzi huo. Ni mara chache posho ya mtu mmoja imetikisa serikali namna hiyo.

Kielland alibaki na madeni. Mwaka 1889 alihariri gazeti la Stavanger kwa muda mfupi. Mwaka 1891 alitoa riwaya yake ya mwisho, na mwaka huo huo akafanya jambo lililowashangaza wengi: alikubali cheo cha meya wa Stavanger. Mtu aliyewacheka watumishi wa serikali kwa miaka kumi sasa alikuwa mmoja wao. Alikaa katika kiti hicho hadi mwaka 1902, alipopandishwa kuwa mkuu wa mkoa wa Romsdal, akahamia Molde, kaskazini zaidi. Riwaya hakuandika tena. Alipenda sana chakula, mwili wake ulikuwa mzito, na moyo ulikuwa unachoka. Alifariki Bergen tarehe 6 Aprili 1906, akiwa na miaka 57.

Hapo maisha ya mtu yanaisha. Jina lake liliendelea. Wanorwei walimweka pamoja na Henrik Ibsen, Bjørnson na Lie kama waandishi wanne wakubwa wa karne yao. Mwaka 1928 Stavanger ilimjengea sanamu sokoni, amesimama anatazama bandari. Mji wenyewe ulikuwa umebadilika: heringi waliadimika, meli za tanga zilikwisha, na viwanda vya kufunga samaki kwenye makopo vilichukua nafasi yao. Kufikia miaka ya 1960 na hivyo navyo vilikuwa vinafifia.

Ndipo mafuta yakapatikana. Mwishoni mwa mwaka 1969 kampuni ya Marekani, Phillips, iliyokuwa karibu kukata tamaa baada ya visima vingi vikavu, iligundua mafuta mengi mahali panapoitwa Ekofisk, kiasi cha kilomita 320 kutoka Stavanger, katikati ya Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1972 serikali ya Norwei iliunda kampuni yake ya mafuta na kuiweka Stavanger, pamoja na ofisi ya kusimamia sekta hiyo. Mji wa Kielland ukawa mji mkuu wa mafuta. Kampuni moja ya hapo iliyomiliki majukwaa ya kuchimbia iliyapa majina ya waandishi. Moja likaitwa Henrik Ibsen, na pacha wake Alexander L. Kielland.

Jukwaa hilo lilijengwa Dunkirk, Ufaransa, na kukabidhiwa mwaka 1976. Halikusimama kwenye sakafu ya bahari. Lilielea juu ya miguu mitano minene ya chuma, iliyounganishwa kwa mabomba makubwa, na kushikiliwa na nyaya za nanga. Lilibuniwa kwa kuchimba visima, lakini kazi yake ikawa bweni. Liliongezewa vyumba hadi likaweza kulaza watu zaidi ya 300, likafungwa karibu na jukwaa la uzalishaji liitwalo Edda, na wafanyakazi wakawa wanavuka daraja jembamba kwenda zamu na kurudi kulala.

Hapa tusimame kidogo tueleze bahari yenyewe, maana watu wengi hudhani hatari yake ni ile dhoruba moja kubwa inayokuja na kuvunja kila kitu. Dhoruba hizo zipo, na mawimbi ya majira ya baridi hufika urefu wa nyumba ya ghorofa kadhaa. Lakini chuma kina adui mwingine. Chukua waya wa kufungia banda la kuku, ukunje, ukunjue, ukunje tena. Mara ya kwanza hauoni kitu. Mara ya ishirini unakatika mkononi, na hukutumia nguvu. Mafundi huita hali hiyo uchovu wa chuma. Wimbi likipita kila sekunde 10, jukwaa linakunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara milioni 3 kwa mwaka. Katika bahari tulivu mikunjo hiyo ni midogo. Katika bahari ile ni mikubwa, mwezi hadi mwezi, na kama pana ufa mdogo mahali popote, mawimbi yataupata na kuukuza.

Ufa ulikuwepo. Kwenye mojawapo ya mabomba yaliyounganisha miguu, mafundi wa kiwandani walitoboa tundu lenye upana wa zaidi ya sentimita 30, wakaweka kishikizo cha kifaa cha kusikiliza sauti chini ya maji, kinachosaidia jukwaa kujua mahali lilipo. Kishikizo kikachomelewa kwa mshono wa milimita 6. Kilionekana ni kitu kidogo cha pembeni, kama kikombe kilichoning'inizwa ukutani, na uchomeleaji wake haukuwa mzuri. Wachunguzi walipofungua vipande baada ya ajali walikuta rangi ndani ya ufa. Maana yake ni kwamba ufa ulikuwepo kabla jukwaa halijapakwa rangi, kabla halijaondoka kiwandani.

Tarehe 27 Machi 1980 hali ya hewa ilikuwa mbaya, ukungu na mvua, upepo mkali, mawimbi marefu. Daraja la kwenda Edda lilikuwa limeondolewa na jukwaa limesogezwa mbali kidogo kwa usalama. Ndani walikuwemo watu 212. Wengi walikuwa wamemaliza zamu, wako kwenye chumba cha chakula au wanatazama filamu. Karibu saa kumi na mbili na nusu jioni ulisikika mlio mkali, kisha mtikisiko. Lile bomba lilikuwa limekatika. Mengine matano yaliyoushika mguu huo yalikatika moja baada ya jingine, mguu ukang'oka, na jukwaa likalala upande kwa nyuzi 30 au zaidi. Nyaya za nanga zilikatika zote isipokuwa moja. Waya huo mmoja ulilishikilia kwa muda usiofika nusu saa. Ulipokatika, jukwaa lilipinduka, miguu juu.

Katika muda huo mfupi ndipo tunapoona namna baridi inavyobadilisha kila kitu. Kulikuwa na mashua saba za kuokolea, kila moja ya watu 50. Kwa hesabu ya karatasi zilitosha na kubaki. Zilizoteremshwa ni nne. Kati ya hizo, moja tu ilifanikiwa kujifungua kwenye kamba zake, kwa sababu kifungio kiliundwa kisiachie mpaka uzito uondoke kwenye kamba, na katika mawimbi yale kamba hazikulegea. Mashua ya tano iliibuka yenyewe jukwaa lilipopinduka, ikiwa chini juu. Waliokuwa ndani waliigeuza na kuwavuta wenzao 19 kutoka majini. Wengine walifika kwenye maboya ya mpira, wachache waliokotwa na meli za mizigo, na watu saba waliogelea hadi Edda. Kuogelea huko mtu asikudharau.

Maji yalikuwa na joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mtu akitumbukia katika maji ya namna hiyo, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, na kama kichwa kiko chini ya maji kwa sekunde hiyo, anavuta maji. Akivuka hapo, baada ya dakika chache vidole vinakufa ganzi, hawezi kushika kamba wala kufunga kamba ya jaketi lake. Mengine huja baadaye: usingizi, kuchanganyikiwa, moyo kusimama. Zipo nguo maalumu zinazozuia maji yasifike mwilini, lakini jioni ile ni watu wachache tu waliokuwa wamezivaa. Nyingine zilikuwa vyumbani, na vyumba vilikuwa vimelala ubavu gizani. Kati ya watu 212 walinusurika 89.

Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Februari 1982, jukwaa lingine, Ocean Ranger, lilizama upande wa pili wa Bahari ya Atlantiki, karibu na Newfoundland nchini Kanada. Huko wimbi lilivunja dirisha dogo la chumba cha kuongozea maji ya kusawazisha jukwaa, mitambo ikalowa, na mambo yakaharibika kutoka hapo. Watu wote 84 walikufa, ingawa baadhi walikuwa wameshafika kwenye mashua. Kule ni mshono wa milimita 6, huku ni kioo cha dirisha.

Norwei ilibadilisha mengi baada ya ajali ya Kielland. Majukwaa yanayoelea yalitakiwa yaweze kubaki juu ya maji hata yakipoteza mguu mmoja. Nguo za kuzuia baridi zikawa za lazima kwa kila mtu, vifungio vya mashua vikaundwa upya, wafanyakazi wakatakiwa kufundishwa kujiokoa kabla ya kukanyaga jukwaa, na usimamizi uliokuwa umetawanyika kwenye ofisi nyingi ukakusanywa. Jukwaa lenyewe liligeuzwa mwaka 1983 kwa kazi ngumu na ya gharama, likapekuliwa, na mwishoni mwa mwaka huo likazamishwa kwenye ghuba yenye kina kirefu kaskazini mwa Stavanger.

Lakini walionusurika na familia za waliokufa hawakuridhika. Waliuliza nani hasa alipaswa kuuona ule ufa, na kwa nini wao walirudishwa nyumbani na kuachwa bila msaada wa maana. Waliuliza kwa miaka 40. Mwaka 2021 mkaguzi mkuu wa serikali ya Norwei alitoa ripoti, na ripoti hiyo iliwakosoa viongozi kwa namna walivyowashughulikia watu hao. Tunapoisoma habari hii tunaikumbuka ile riwaya ya mwaka 1880 na mazishi yake mawili.

Mtu anaweza kuuliza habari za bahari ya baridi zinatuhusu nini. Kampuni ile ya serikali ya Norwei iliyoundwa Stavanger mwaka 1972 ilikuja Tanzania mwaka 2007 kutafuta gesi, na imegundua gesi katika kina kirefu mbali na pwani ya Lindi na Mtwara. Wakati huo iliitwa Statoil, sasa inaitwa Equinor. Bahari yetu ni ya joto, na mtu akianguka majini huku ana saa nyingi ambazo yule wa kule hakuwa nazo. Chuma lakini huchoka kila mahali, na sheria nyingi za usalama ambazo kampuni kama hiyo inatembea nazo duniani ziliandikwa baada ya jioni ile ya Machi.

Stavanger leo kuna jumba la makumbusho la mafuta, limejengwa ukingoni mwa bandari. Ndani yake kimewekwa kipande cha lile bomba lililokatika, na mgeni anaweza kusogea na kuangalia mahali mshono ulipoachia. Akitoka nje na kutembea kidogo kando ya maji atafika sokoni, ilipo sanamu ya Kielland.